Namba ya 1948, bodi ya baadaye: basi la ghorofa la kale ni lipi hasa?

Mpiga_Kengele

Ndugu wanajukwaa, salamu.

Jumapili moja ya mwezi wa Mei nilikuwa Brighton, katika barabara ya Madeira Drive kando ya bahari, nikiyapokea kwa macho magari ya kale ya biashara yanayotoka London katika msafara ulioanza mwaka 1962 na unaosimamiwa na Historic Commercial Vehicle Society. Malori yalikuwepo na magari ya zimamoto yalikuwepo, lakini kilichonipeleka ni mabasi ya ghorofa, na sikubanduka kwenye safu yake hadi wenye mabasi walipoanza kukunja viti vyao.

Katika safu hiyo palikuwa na mabasi mawili ya aina ya RT, yaani yale mekundu ya London yaliyoitangulia Routemaster, yenye chasisi ya kampuni ya AEC na chumba cha dereva kilichojitenga ubavuni mwa injini. La kwanza lilikuwa limepigwa rangi hadi nikaiona sura yangu kwenye mabati. La pili lilikuwa limepauka, kitambaa cha viti kimeishiwa manyoya pale mapaja yanaposugua, na kwenye ngazi ya kupandia juu kingo za chuma zimelika katikati kwa miguu ya watu. Nilipokuwa nikilisifia lile la kwanza, mwenyewe, mzee aliyekuwa akifuta boneti kwa kitambaa, aliniambia bila kuulizwa kwamba namba iliyoandikwa juu ya boneti hiyo ni ya mwaka 1948, bodi ni ya baadaye, na kwamba hajui chasisi ilikutana lini na vyote viwili. Aliyasema hayo kwa utulivu wa mtu anayetaja umri wa wajukuu zake. Aliyeduwaa ni mimi.

Naomba kuelimishwa. Imekuwaje basi moja likawa na miaka mitatu ya kuzaliwa, na mtu asiye fundi atatambuaje kama basi analoonyeshwa ndilo lile linalotajwa kwenye karatasi iliyobandikwa kiooni? Kati ya lile linalong'aa na lile lililopauka, mwenye kujua angelipa lipi heshima zaidi? Lipo pia jambo dogo lililonitatiza: niliomba kupanda lile lililopauka lilipokuwa linakwenda kuzungushwa kidogo, nikajibiwa na kijana wa mlangoni kwamba abiria wanane wameshatimia. Basi hilo lina viti 56, na hiyo 48 iliyobaki niliiona kwa macho yangu ikiondoka mitupu.

Fundi_Mstaafu

Ndugu Mpiga Kengele, mzee huyo hakukutania, na basi lake si la kughushi. Mtu akikuonyesha RT akakuapia kwamba kila kipande chake kilizaliwa siku moja, huyo ndiye wa kumwekea shaka.

Chanzo cha mambo hayo ni karakana ya Aldenham, huko Hertfordshire. Majengo yake yalikusudiwa yawe banda la treni za njia ya Northern, ila njia yenyewe haikufikishwa huko. Wakati wa vita yakatumika kuundia ndege za Halifax, na baada ya hapo yakageuzwa kuwa mahali ambapo mabasi ya London yalifumuliwa na kuundwa upya kila baada ya miaka michache, hadi karakana ilipofungwa mwaka 1986. Mabasi ya RT yalibuniwa tangu mwanzo ili bodi ya basi moja ikae juu ya chasisi ya jingine bila kulazimishwa kwa nyundo. Basi lilipoingia, bodi ilinyanyuliwa na kreni ya darini ikaachana na chasisi, na kila kimoja kikafuata njia yake. Bodi ilifungwa ndani ya fremu kubwa ya kuzungusha, ikalazwa ubavu ili mafundi wafikie tumbo lake na kuondoa tope na grisi ya miaka yote hiyo, kisha ikapita kwa waunga mabati, kwa washonaji wa viti na kwa wapaka rangi. Kazi ya bodi ilichukua muda mrefu kuliko kazi ya chasisi. Sasa chasisi ikishakuwa tayari, ikae inasubiri nini? Ilivishwa bodi nyingine iliyokwisha kutengenezwa, na safari ikaendelea.

Namba nayo ilikuwa na mambo yake. Basi lililoingia karakanani lilivuliwa namba yake ya boneti pamoja na namba ya usajili siku hiyohiyo, na namba hizo zikabandikwa kwenye basi jingine lililokuwa linatoka likiwa limekamilika, ili leseni ya barabara iliyokwisha kulipiwa isilale bure wakati gari liko juu ya mawe. Kwa hiyo dereva wa gereji fulani alipeleka basi lake Aldenham na akarudishiwa basi lenye namba ileile, wakati kitu pekee kilichokwenda na kurudi ni hiyo namba. Hii ilikuwa hesabu ya fedha tu. Hakuna aliyefikiri kwamba miaka 50 baadaye watu wangekuja kuinama na tochi kutafuta ukweli wa kila ribiti.

Ukizingatia kwamba familia nzima ya RT, pamoja na ndugu zake wa kampuni ya Leyland waliopewa herufi RTL na RTW, ilikaribia mabasi 7,000 yaliyoundwa kati ya 1939 na 1954, na kwamba RT ya mwisho ilitoka kazini tarehe 7 Aprili 1979 katika njia namba 62, utaona kwamba mengi yalipita Aldenham zaidi ya mara moja, na kila mara yalibadilishana nguo.

Namna ya kutambua ipo, na nyingine haihitaji hata kuinama. Tazama juu ya paji la uso wa basi. Bodi za mwanzo baada ya vita zilikuwa na kisanduku cha namba ya njia kilichochomoza juu ya paa kwa mbele. Bodi zilizofuata hazikuwa nacho, kwa kuwa namba ilishushwa ikakaa pamoja na kitambaa cha majina ya vituo. Ukikuta RT yenye namba ya elfu nne na kitu, yaani namba ya baadaye, huku kisanduku kiko juu ya paa, au ya mia tano na kitu isiyokuwa na kisanduku, ujue bodi hiyo imehama. Baada ya hapo mwombe mwenyewe akuonyeshe vibao. Bodi ilikuwa na namba yake isiyohusiana na namba ya boneti, na chasisi ilikuwa na namba ya kiwanda. Mwenye basi anayelijua gari lake atakutajia zote bila kukunja uso.

Hata mkubwa wa ukoo hakunusurika. RT1 ipo mpaka leo, katika London Bus Museum kule Brooklands, Surrey. Chasisi yake ya kwanza ilianza kazi mwaka 1938 ikiwa imevishwa bodi kuukuu na namba ya ST1140, ndipo mwaka 1939 ikapata bodi yake mpya na jina lake. Bodi hiyo ya 1939 sasa imekaa juu ya chasisi ya basi jingine la baada ya vita. Nani atathubutu kusema kwamba ile si RT1?

Kuhusu heshima, mimi natoa kura yangu kwa linalong'aa. Mabasi ya London hayakuachwa kupauka barabarani. Kila yalipotoka Aldenham yalitoka yakimeremeta kama hilo la mzee wako. Huo mpauko unaoutaja umetokana na miaka ya kulala uwanjani baada ya kustaafu.

Binti_Karakana

Shikamoo Mzee Fundi. Nimekusoma kwa makini, na katika habari za Aldenham sina cha kuongeza, lakini kwenye aya yako ya mwisho naomba kutofautiana nawe kwa adabu.

Mwisho wa juma huwa najitolea pamoja na kikundi kinachofufua basi la ghorofa la miaka ya 1930, la nje ya London. Bodi za wakati huo zilikuwa na kiunzi cha mbao, mara nyingi za mti wa ashi, zikavikwa mabamba ya chuma au ya alumini kwa nje. Siku tuliyobandua bamba la chini ya dirisha la nyuma tulikuta nguzo ambayo kwa nje ilionekana nzima, lakini nilipoisukuma kwa bisibisi ikaingia hadi kwenye mpini kama inavyoingia kwenye keki. Maji yalikuwa yamepenya kwenye fremu ya kioo kwa miaka mingi na kuteremka kimyakimya ndani ya ubavu. Nguzo hiyo tuliitoa, tukachonga nyingine kwa kuifuata, na hatukuwa na hiari, kwa sababu hiyo ndiyo inayobeba ghorofa ya juu pamoja na watu wake. Mpaka sasa tumekwisha kubadilisha zaidi ya nusu ya mbao za upande wa kushoto. Kwa hiyo sina ugomvi na vitu vipya vinavyohitajika ili gari lisimame na litembee.

Ugomvi wangu ni na vile visivyohitajika. Ndugu Mpiga Kengele ametaja kingo za ngazi zilizolika katikati na kitambaa kilichoisha manyoya. Huo haukuwa uwanja wala mvua, Mzee wangu; hao ni abiria na kondakta waliopanda na kushuka ngazi hiyo kwa miaka. Rangi hupakwa tena kila baada ya muda, nakubali, lakini chuma kilicholiwa na viatu hakirudi, na nimeona kwa macho yangu mtu aking'oa kingo kama hizo na kuzitupa kwenye pipa la vyuma chakavu, eti hazilingani na rangi mpya. Gari hilo lilipata kikombe kwenye maonyesho. Kwangu mimi lilipoteza zaidi ya lilichopata.

Sasa nimwongezee muulizaji la kutazama, maana hapa tumezungumza kama kwamba mabasi yote ya ghorofa ni ya London. Safari ijayo tafuta basi la mikoani la aina iliyofupishwa kimo ili lipite chini ya madaraja mafupi, mtindo ulioletwa na Leyland Titan ya mwaka 1927. Panda juu: utakuta viti vya watu wanne wanne vimepangwa safu moja, na ujia umesukumwa kando upande wa kulia, tena umezama chini kama mtaro. Kisha shuka, ukae kwenye kiti cha upande huohuo wa kulia chini. Kile kitu kinachoning'inia juu ya kichwa chako ni tumbo la ule ujia, na kibandiko mbele yako kitakuonya uchunge kichwa unapoinuka. Mimi nilikisoma kibandiko, nikakielewa, nikainuka, nikakigonga.

Ukimaliza hapo nenda moja kwa moja kwenye Bristol Lodekka, uone tatizo lilelile lilivyotatuliwa na watu waliotulia. Walisogeza mfumo unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma ukakaa kando, sakafu ya chini ikashuka, na ujia ukabaki katikati juu na chini, huku kimo cha basi kikiwa bado kidogo. Kwa miaka mingi tangu 1948 Bristol waliruhusiwa kuuza kwa makampuni ya serikali pekee, ndiyo maana Lodekka nyingi utazikuta na kijani au nyekundu za makampuni hayo ya mikoani. Simama karibu nayo injini ikiwa inanguruma polepole, hasa ikiwa ni Gardner. Mlio wake uko chini sana na wa kuhesabika, kiasi kwamba vioo vinatetemeka kimoja baada ya kingine. Dereva wake ana kazi pia, kwa kuwa gia zake zinamtaka akanyage klachi mara mbili kila anapobadilisha, na akikosea umati wote husikia.

Karani_wa_Njia

Naomba nimjibu ndugu yetu kuhusu wale abiria wanane, kwani nimeona limepitwa.

Hapakuwa na ubaguzi. Kwa sheria za Uingereza, basi la abiria huendeshwa na mwenye leseni ya daraja D. Hata hivyo upo msamaha kwa mabasi ya kale: mtu aliyefikisha miaka 21 mwenye leseni ya kawaida ya gari dogo anaruhusiwa kuendesha basi lililoundwa zaidi ya miaka 30 iliyopita, mradi halibebi watu kwa malipo na abiria wake hawazidi wanane. Wamiliki wengi wa mabasi haya ni wahasibu, walimu na mafundi umeme waliopata basi kabla ya kupata leseni kubwa, na bila msamaha huo wasingeweza hata kulifikisha gari lao Brighton. Wewe ungekuwa wa tisa, na wa tisa ndiye anayemtia dereva makosani.

Ukipenda kupanda ghorofa la kale lililojaa hadi ngazini, usilitafute kwenye maegesho ya maonyesho. Tafuta siku ambayo mabasi hayo yanafanya kazi. Mfano ulio bora kwangu ni Imberbus, inayofanyika mara moja kwa mwaka tangu 2009. Siku hiyo Routemaster na jamaa zake hutoka stesheni ya Warminster na kukata nyika ya Salisbury Plain hadi Imber, kijiji ambacho wakazi wake walihamishwa Desemba 1943 ili wanajeshi wapate uwanja wa mazoezi, na ambacho kimebaki mikononi mwa jeshi hadi leo. Hiyo ni huduma ya basi iliyosajiliwa kama huduma nyingine: unalipa nauli, madereva wana leseni kamili, na hakuna atakayekuhesabu hadi wanane.

Kwa kuwa jina lako ni Mpiga Kengele, nakukumbusha desturi ya kondakta kabla hujanyoosha mkono: pigo moja ni kusimama, mawili ni kuondoka. Nilimwona mtoto akiipiga mara mbili kwa furaha wakati bibi mmoja ana mguu mmoja tu kwenye kibaraza cha nyuma. Dereva, aliyejitenga kwenye chumba chake na asiyeweza kuuona mlango, alitii kengele kama ilivyompasa. Kondakta alimdaka bibi huyo mkono, na basi likasimama hatua chache mbele.

Fundi_Mstaafu

Marahaba, Binti. Kuhusu kingo za ngazi umenishika. Nilikuwa nafikiria rangi, sikufikiria viatu, na aliyezitupa kwenye pipa alikosea. Kwenye rangi nasimama palepale.

Niongeze jambo moja kabla muulizaji hajageukia Routemaster akidhani huko ndiko kwenye usalama. Zilijengwa Routemaster 2,876, uzalishaji ukaisha 1968, na nyingi zimehifadhiwa, kwa sababu huduma yake ya kawaida haikukoma hadi Desemba 2005. Basi hili halina chasisi kamili. Bodi yake ya alumini ndiyo inayobeba uzito, na chini yake zimefungwa fremu mbili fupi, ya mbele inayoshika injini na ya nyuma inayoshika ekseli. Kwa hiyo huko Aldenham halikugawanywa vipande viwili bali vitatu, na kubadilishana kuliendelea kama kawaida.

Zaidi ya hayo, lisikilize. Katika miaka ya 1990 nyingi zilitolewa injini zake za awali zikatiwa Cummins au Iveco, na baadaye nyingine zikatiwa Scania, ili ziendelee kufanya kazi. Utakuta Routemaster yenye rangi ya 1959, matangazo ya 1959 na kondakta aliyevaa kofia ya 1959, kisha dereva anawasha, na unasikia lori la miaka ya 1990. Sisemi hiyo injini ni aibu. Ni sehemu ya maisha ya gari, na bila hiyo pengine lingekatwa vyuma. Nasema tu kwamba mwenye basi aandike kwenye ile karatasi ya kiooni.

RT nayo ina wimbo wake. Dereva huchagua gia kwa kijiti kidogo kilicho chini ya usukani kabla hajaihitaji, kisha akifika mahali anapoitaka hukanyaga pedali ya mguu wa kushoto na gia huingia kwa nguvu ya upepo. Sikiliza pumzi hiyo ya upepo kila anapobadilisha. Ukiikosa, kuna jambo la kuuliza.

Mpiga_Kengele

Shikamoo Mzee Fundi, na asanteni nyote, pamoja na Karani aliyeniondolea kinyongo nilichokuwa nacho na yule kijana wa mlangoni.

Nimerudi kwenye picha zangu za Brighton na kuzikuza. Basi la yule mzee lina namba ya mia tano na kitu, na juu ya paa hapana kisanduku. Mbele ni laini tupu. Kumbe ushahidi ulikuwa juu ya kichwa changu muda wote niliokuwa nikijitazama kwenye rangi yake. Lile lililopauka nililipiga picha kutoka nyuma tu, ndani ya ngazi na kwenye viti, kwa hiyo paji lake la uso sinalo hata kwenye picha moja. Mwezi Mei ujao nitaanzia mbele, na nitamwomba mwenyewe anionyeshe vibao vya bodi na chasisi kabla sijamgusia habari ya kupanda. Binti Karakana, zile kingo za ngazi nimezipiga picha tatu kwa karibu. Nikipata namna ya kuzipandisha hapa nitaziweka.